Barua ya wazi kwa Makamu Mkuu wa Chuo: riteki (kurudia somo) ya laki moja na nusu imetutoa milioni mbili na nusu

Kwa: Mheshimiwa Profesa, Makamu Mkuu wa Chuo
Nakala: Seneti ya Chuo, Msajili wa Masomo, Baraza la Taifa la Elimu ya Juu

YAH: MAKSI ZILIZOPOTEA NA GHARAMA YA RITEKI

Mheshimiwa Profesa, pokea salamu zangu za heshima.

Mimi ni dereva wa trela, napiga Mombasa mpaka Kampala na mara nyingine napitiliza hadi Elegu na mzigo wa Juba. Kwetu ni Tororo. Shule niliachia S4 (kidato cha nne) baba alipofariki, mimi ndo mkubwa, kwa hivyo aliye chuoni kwenu si mtoto wangu, ni mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, na mimi ndo nimemlipia fizi kuanzia siku ya kwanza mpaka leo. Jina lake siliweki hapa wala la chuo. Nyinyi mnajijua, na namba yake ya usajili iko kwenye barua mbili tulizoleta kwa mkono ofisini kwenu, zote zimepigwa muhuri wa kupokelewa na hakuna hata moja iliyojibiwa. Ya kwanza sasa ina mwaka na nusu, ya pili miezi saba.

Zile mbili ziliandikwa kwa Kiingereza kizuri tu, aliandika mwenyewe. Hii naandika mimi, na naandika Kiswahili kwa sababu ndo lugha ninayofanyia kazi kutwa kucha, na tangu katiba irekebishwe mwaka 2005 Kiswahili ni lugha rasmi ya pili hapa Uganda, kwa hivyo nadhani siombi kitu kigeni nikiomba nisomwe hivi.

Wacha niseme jambo moja kwanza tusije tukaelewana vibaya. Mdogo wangu aliwahi kufeli kweli. Takwimu, mwaka wa pili semista ya kwanza, alipata 44 na maksi ya kufaulu ni 50, alinipigia simu analia nikiwa Mariakani nasubiri mizani, nikamwambia nyamaza mama, soma, utarudia. Nikalipa riteki, akarudia mwaka uliofuata akapata 61, yakaisha. Hiyo hatulalamiki hata kidogo, mtoto hakujua hesabu zile, chuo kilimwambia rudia, akarudia, sawa. Ninachoandikia ni ile karatasi nyingine, sheria ya biashara, mwaka huohuo wa pili, semista ya pili.

Kozi yenu testi na kazi za darasani ni maksi 40, mtihani wa mwisho 60. Karatasi yake ya testi ninayo hapa kwenye kebini, iko faili moja na makaratasi ya forodha maana hapo ndo nina hakika haipotei. Imeandikwa 27 juu ya 40 kwa biki nyekundu, chini kuna sahihi ya lekchara na tarehe, kona moja wino umetawanyika kidogo kwa mvua. Mtihani wa mwisho alipata 41 juu ya 60. Jumlisha, ni 68. Matokeo yalipotoka mfumo ulimwandikia 41 halafu mbele yake neno riteki.

Nilikuja mwenyewe. Niliacha trela yadi ya forodha nikapanda boda, nikafika saa tatu asubuhi, nikakaa kwenye benchi ya nje mpaka saa kumi kasoro. Mama aliyenihudumia alikuwa mpole, sitamsema vibaya, alinigeuzia kompyuta nikaona kwa macho yangu. Kwenye safu ya mtihani imeandikwa 41. Kwenye safu ya testi hakuna kitu. Profesa, haikuwa sifuri, kilikuwa kisanduku kitupu, cheupe. Sifuri ina maana mtoto hakufanya au alifanya akakosa yote. Kitupu ina maana kuna mtu hakuingiza. Mashine haikujua tofauti ikachukua utupu ikauhesabu kama sifuri, sawa, ni mashine, lakini yule mama alijua tofauti, mkuu wa idara alijua, kila tuliyemwonyesha alijua, na bado jibu likawa moja tu: mwambie ajiandikishe riteki, la sivyo listi ya mahafali hataingia.

Sasa malalamiko yangu ni haya, nayapanga kwa namba ili yajibiwe kwa namba.

1. Mnatutoza kosa lenu.

Maksi zikipotea kwenu, nyinyi hamlipi chochote, anayelipa ni mwanafunzi. Lekchara alikuwa wa mkataba, mkataba ukaisha akahamia chuo kingine, tukampata kwa simu akasema alikabidhi maksi zote idarani. Idara ikasema hawana, nenda kwa msajili wa kitivo. Msajili akasema bila fomu ya lekchara hawezi kujaza. Rudi idarani. Ilipofika mara ya nne tukaambiwa muda wa malalamiko ya maksi umeshapita, na muda huo tumeumaliza humohumo kwenye korido zenu, tukizungushwa kutoka mlango hadi mlango! Mimi nikipoteza kontena moja la mzigo barabarani siwezi kumwambia mwenye mzigo anunue tena alipe na usafiri wa pili. Nitaulizwa mimi.

2. Bei ya riteki mliyoibandika ukutani si bei ya riteki.

Kwenye jedwali lenu karatasi moja ni shilingi 150,000 za Uganda. Mtu akiisikia anasema ah, hiyo si kubwa. Lakini somo hilo linafundishwa semista ya pili tu, mara moja kwa mwaka. Na mwaka wa tatu, alipotaka kulirudia pamoja na masomo yake mengine, ratiba ikaliweka siku moja saa moja na karatasi ya mwaka wa tatu ambayo ni ya lazima. Mtu hawezi kukaa vyumba viwili. Kwa hivyo akamaliza miaka yake mitatu, wenzake wakaenda, yeye sasa hivi yuko chuoni semista nzima kwa ajili ya somo moja alilokwisha kulifaulu.

Hesabu ni hii, risiti zote ninazo. Riteki 150,000. Ada za semista, zile za maktaba, intaneti, michezo, kitambulisho na nini na nini, mmetoza zote kamili kama mtu anayesoma masomo sita, 640,000. Faini ya kuchelewa kujiandikisha 50,000, alichelewa kwa sababu alikuwa bado anafuatilia maksi ofisini kwenu. Hosteli 700,000, na hosteli hawakodishi kitanda kwa siku mbili za wiki, unalipa semista. Chakula na taxi nampa 60,000 kwa wiki, wiki 17, ni 1,020,000. Jumla 2,560,000. Ni zaidi ya mara 17 ya ile bei ya ukutani.

Na kwangu mimi pesa hiyo ina maana gani? Safari moja ya kutoka Mombasa kuja Kampala, zaidi ya kilomita 1,100, nikitoa chakula, nikitoa ya turnboy (utingo wangu), nikitoa ya nyumbani, inanibakia kama 320,000. Hizo ni safari nane, Profesa. Safari nane za kulala kwenye usukani, foleni ya Malaba, mizani, kule Salgaa unashuka usiku roho mkononi, zimeenda kujaza kisanduku kimoja ambacho mtu wenu angekijaza kwa dakika moja.

Kuna na hasara ambayo haina risiti. Ofisi moja ya kliaring hapa Malaba ilikuwa tayari kumchukua, kozi yake ni ununuzi na ugavi na mwenye ofisi ananifahamu miaka mingi, akasema alete transkripti tu. Alimngojea mpaka mwisho wa mwezi, akaongeza wiki mbili nyingine kwa heshima yangu, halafu akachukua mtu mwingine. Simlaumu, mizigo haingoji.

Na mama. Mama alishanunua gomesi (gauni la sherehe) ya mahafali, ya rangi ya zambarau, alinunua mapema kwa sababu alijua pesa huwa zinapotea zikikaa. Siku ya mahafali ya darasa lake mdogo wangu hakwenda hata kuwatazama wenzake, alikaa hosteli. Gomesi bado iko ndani ya karatasi yake kwenye sanduku, na kila nikifika nyumbani mama haniulizi kitu, ananiangalia tu.

3. Mnamfungia mtu mtihani kwa deni dogo, kisha mnamuuzia mtihani huohuo.

Hili si la mdogo wangu, ni la rafiki yake waliyekuwa wanakaa chumba kimoja, na naliweka kwa sababu nimeona ni la wengi. Yule binti alikuwa amebakisha 85,000. Bila kumaliza hupewi kadi ya mtihani, hiyo ni sheria yenu na tunaijua. Shangazi yake akatuma pesa asubuhi ya mtihani, akatengeneza PRN (namba ya malipo), akalipa kwa simu, meseji ya kuthibitisha ikaingia. Mlangoni wanaangalia listi iliyochapishwa jana yake. Alisimama pale nje ameshika simu anawaonyesha meseji, mtihani ukaanza, ukafika nusu, wakamwambia hata ukiingia sasa hairuhusiwi. Jina lake lilisafishwa kwenye mfumo jioni. Karatasi ikahesabika amekosa, riteki, mwaka unaofuata, na ada za semista juu yake. Yaani aliyekosa 85,000 ndo mnamwongezea laki saba na kitu! Mwenye pesa hili halimpati kamwe. Linampata yule ambaye nyumbani wanauza mukene (dagaa), wanauza mivumba (mitumba), wanangoja msimu wa kahawa, pesa inakuja vipandevipande.

Hata mkopo wa serikali haumwokoi, ile bodi ya mikopo iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2014 inalipia ada za chuo, kitanda na chakula unajitafutia mwenyewe, na semista ya ziada kubwa lake ni kitanda na chakula.

4. Hamjibu.

Hapa sina mengi. Barua mbili, muhuri mbili, kimya. Ibara ya 42 ya katiba ya mwaka 1995 inasema mtu anayefika mbele ya afisa au chombo cha utawala ana haki ya kutendewa kwa haki, na asiporidhika anaweza kwenda mahakamani. Sisi hatutaki mahakama, hatuna hela ya wakili wala siku za kupoteza, tulitaka mtu mmoja tu aandike mistari mitatu aseme tumeona, tunashughulikia.

Profesa, najua mtakachosema kwa sababu vingine nimeshaambiwa.

Mtasema mwanafunzi ana wajibu wa kufuatilia maksi zake mapema. Alifuatilia wiki ileile matokeo yalipobandikwa, barua ya kwanza ina tarehe na ina muhuri wenu. Mtasema kuna wanafunzi wajanja wanaogushi karatasi za testi, na hilo naliamini, wapo, lakini basi chunguzeni karatasi, muiteni lekchara aangalie sahihi yake, linganisheni biki, si kazi ya siku mbili? Kumshuku mtu bila kumchunguza halafu kumtoza, hiyo si tahadhari.

Mtasema riteki ikiwa rahisi wanafunzi watazembea. Kwa yule aliyefeli kwa kulala na kunywa, tozeni, sina ugomvi, mimi mwenyewe nililipa ya takwimu bila kelele. Ila hata huyo ada ya michezo na maktaba ya masomo sita anailipia nini akiwa na somo moja?

Na mtasema chuo hakina pesa, serikali haitoi ya kutosha. Hiyo ni kweli pia na tunaiona. Serikali inachukua kulipia kama wanafunzi wapya 4,000 tu kwa mwaka kwenye vyuo vya umma nchi nzima, na tangu Makerere ilipofungua mlango wa wanafunzi wa kujilipia mwaka 1992 na vyuo vingine vikafuata, ni mifuko yetu sisi inayowasha taa huko. Tumekubali kubeba. Lakini ada ikipanda kila mtu anasikia, mwaka 2019 wanafunzi wa Makerere waliingia barabarani kwa ile nyongeza ya asilimia 15 na nchi nzima ikajua. Ya riteki nani atajua? Mtu wa riteki analipa kimyakimya kwa sababu anaona aibu, hataki hata jirani ajue mtoto amebaki, mzazi anadanganya ati bado anafanya risachi. Mimi mwenyewe nimedanganya hivyo mbele ya wajomba zangu, mara mbili. Hiyo aibu ndo imefanya kitu hiki kiendelee miaka yote bila kelele, kwa hivyo mimi nimeamua kuivua na kuandika hadharani.

Januari 2022 sisi madereva tulipaki Malaba kwa sababu ya kulipishwa vipimo vya korona mpakani, foleni ikaenda kilomita na kilomita, mafuta Kampala yakaadimika, ndo wakubwa wakakaa mezani na likalegezwa. Tulikuwa tumeshalalamika kwa adabu kabla ya hapo. Sitaki mambo ya chuo yafike huko, watoto wana mitihani ya kufanya, ndo maana naandika barua.

Tunachoomba ni hiki.

Kwanza kisanduku cha mdogo wangu kijazwe. Karatasi ipo, sahihi ipo, lekchara yu hai na simu yake inapatikana. Mtihani wa riteki umepangwa wiki ya pili ya mwezi wa tano, na akiufanya huo maana yake ni kwamba chuo kimekubali hakufaulu mara ya kwanza, na alifaulu. Pia mturudishie ile 150,000, ile 640,000 na ile 50,000, yaani 840,000 iliyoingia akaunti ya chuo. Ya hosteli na chakula sitaidai, japo imetuumiza zaidi.

Kwa wote, tunaomba Seneti iweke sheria iliyo wazi kwamba maksi isiyoonekana isihesabiwe sifuri, iandikwe haijaingizwa, na mwanafunzi asitozwe kitu chochote mpaka chuo kithibitishe kosa ni la nani. Idara ipewe siku 21 za kuitafuta, na zikipita bila jibu, mwanafunzi afanyiwe testi nyingine bure wakati huohuo, asingoje mwaka. Anayerudia somo moja alipie ada za somo moja. Mtihani wa kurudia uwekwe hata wakati wa likizo, wiki mbili kabla semista haijafunguliwa, mtu arudie aendelee na wenzake. Na kuhusu kadi ya mtihani, mwenye meseji ya malipo mkononi aingie afanye, karatasi yake mkaishikilie mpaka pesa isome kwenye mfumo, ikikosekana msiisahihishe. Hamtapoteza shilingi hapo.

Baraza la Taifa la Elimu ya Juu nimewapa nakala kwa sababu sheria ya mwaka 2001 iliwaweka muwe jicho juu ya vyuo vyote, vya umma na vya binafsi. Ombi langu kwenu ni moja, viambieni vyuo vitangaze kila mwaka ni maksi ngapi zilipotea, na ni pesa ngapi za riteki zilikusanywa kutoka kwa waliopotezewa.

Profesa, mzigo nilionao sasa natarajia kuushusha Kampala Jumatano ijayo. Alhamisi asubuhi saa tatu nitakuwa kwenye ile benchi ya nje ya ofisi ya msajili, na karatasi ya testi nitakuwa nayo ile original pamoja na risiti zote. Nitavaa rifleksa ya kazi maana nitatoka yadi moja kwa moja, hamtashindwa kunitambua. Naomba awepo mtu mwenye mamlaka ya kujaza.

Wako kwa heshima,
Kaka wa mwanafunzi,
dereva wa trela, Malaba